Jinsi ya kuchagua programu ya kusimba video za DVD

KANDA ya harusi au ya mazishi ya mzee wa ukoo hairekodiwi mara mbili. Ndiposa familia hughadhabika pale diski waliyoigharamia inapokwamakwama kwenye runinga, au inapokataa kabisa kuonyesha chochote. Mara nyingi lawama humwendea mpigapicha, ilhali kosa hutokea baadaye kwenye tarakilishi, programu isiyofaa inapotumiwa kusimba video.

Kusimba ni kubana picha na sauti, na kuziandika kwa mfumo ambao deki ya DVD inaufahamu. Kwa upande wa picha, mfumo huo ni MPEG-2. Faili ya MP4 iliyotoka kwenye simu ikinakiliwa kwenye diski jinsi ilivyo, deki nyingi za zamani hazitaitambua.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kuchunguza ni iwapo programu inatoa MPEG-2 inayotimiza masharti ya DVD. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliozoeleka nchini Kenya, picha kamili huwa na upana wa pikseli 720 na kimo cha pikseli 576, na huonyeshwa 25 kwa sekunde. Katika mfumo wa NTSC unaotumika Marekani na Japani, kimo ni pikseli 480 na picha hukaribia 30 kwa sekunde. Anayenuia kumtumia jamaa yake aliye Marekani diski hana budi kuzingatia tofauti hii, kwani huenda deki ya huko isiionyeshe diski ya PAL.

Jambo la pili ni kasi ya biti, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya video. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa picha za DVD ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Hata hivyo, diski zilizochomwa nyumbani huzitatiza baadhi ya deki kasi inapokaribia kiwango hicho, na ni busara kutopita megabiti 8.

Diski ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Nafasi hiyo ikigawanywa kwa sekunde 7,200 za sherehe ya saa mbili, hupatikana takriban megabiti 5.2 kwa sekunde. Sauti ikitengewa megabiti 0.2 na akiba kidogo ikiachwa, picha husalia na karibu megabiti 4.8, kiasi kinachoridhisha. Sherehe ya saa tatu kwenye diski hiyo hiyo hupata chini ya megabiti 3.5, na hapo vijisanduku huanza kuonekana wachezaji ngoma wanaporukaruka. Afadhali kuigawanya katika diski mbili.

Aidha, programu bora huisoma video mara mbili. Mara ya kwanza hupima sehemu zenye mwendo mwingi, na mara ya pili huzigawia data zaidi huku hotuba ya mtu aliyesimama tuli ikipewa kidogo. Kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini tofauti huonekana.

Miongoni mwa programu zisizolipiwa, HCenc ilijijengea sifa kwa ubora wa MPEG-2, ingawa haitengenezi menyu na humtaka mtumiaji awe na ujuzi. DVDStyler humfaa zaidi anayeanza kwa sababu husimba, hupanga menyu na kuchoma diski mahali pamoja. FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka wa 2000, huendeshwa kwa kuandika amri. Ina mpangilio maalumu wa DVD za PAL, lakini mpangilio huo hutenga megabiti 6 kwa picha. Asiyeupunguza atapata faili ya saa mbili isiyotoshea kwenye diski. HandBrake, licha ya umaarufu wake, haisimbi video kwa ajili ya deki ya DVD.

Miongoni mwa programu za kulipia, TMPGEnc ya Japani ilitumiwa na wengi. Windows DVD Maker iliyokuja na Windows Vista na Windows 7 iliondolewa katika Windows 8 mwaka wa 2012, kwa hivyo wenye tarakilishi za baadaye hulazimika kutafuta programu nyingine.

Jambo jingine linalosahaulika ni mpangilio wa mistari ya picha. Kanda za kamera za zamani hurekodi mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Programu ikiambiwa zamu isiyo sahihi, kila anayetembea huonekana akitetemeka. Programu inayofaa humruhusu mtumiaji kuchagua zamu hiyo, na pia umbo la skrini, 4:3 au 16:9, ili nyuso za watu zisivutwe.

Kabla ya kuchoma nakala za jamaa wote, dakika chache zenye mwendo mwingi zinafaa kusimbwa na kujaribiwa kwenye deki kuukuu iliyo karibu. Diski ikichezwa vyema hapo, kuna matumaini kwamba itachezwa pia kwa nyanya kijijini.

Zaidi ya yote, faili asilia isifutwe. MPEG-2 hutupa sehemu ya picha ili kuokoa nafasi, na kilichotupwa hakirudi.