Mlinzi wa Kujitolea: Uwezo Wake Unaishia Wapi?



Leo tuzungumze juu ya vijana wanaokesha usiku kulinda mtaa. Wengi wana nia njema. Watu wana hofu, polisi wako mbali, basi vijana wanachukua tochi na filimbi, wanazunguka. Lakini siku nyingine kijana huyo huyo anaweka bariere njiani, anamsimamisha mama mwenye mzigo kichwani na kumwuliza: "Wewe ni wa kabila gani?" Nani amempa ruhusa ya kuuliza hivyo? Historia yetu itatusaidia kujibu.

Wakati wa Dola Huru la Kongo, kati ya 1885 na 1908, makampuni ya mpira yaliweka walinzi wenye bunduki katika vijiji. Wengi wao walikuwa Waafrika kama wanakijiji wenyewe. Hawakuwa mahakimu, lakini walifunga watu, walipiga, waliua. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake mwaka 1905 ililaani mambo yao. Ubaya ulikuwa wazi: mtu alipewa silaha, na hakuna aliyemwuliza ameitumia namna gani.

Mwezi wa 8 mwaka 1964 Wasimba waliingia mji huu, ambao wakati ule uliitwa Stanleyville. Vijana wa chama walijifanya polisi. Kuitwa "PNP", jina la chama cha wapinzani wao, kulitosha kumpoteza mtu. Watu waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba. Jina tu lilikuwa limechukua nafasi ya ushahidi.

Kisha tukumbuke tarehe 14 mwezi wa 5 mwaka 2002. Askari walioasi chama cha RCD-Goma walishika redio ya mji, wakawaita raia, hasa vijana, wawasaidie kuwafukuza Wanyarwanda. Kundi la watu liliua watu kadhaa waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda. Uasi ulizimwa siku ile ile, na askari wa RCD-Goma wakaingia komini ya Mangobo kulipiza kisasi: waliua, walibaka, waliiba. Miili ya watu ilitupwa katika mto Tshopo. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu 80 waliouawa au zaidi. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa alisema walipita 160. Mimi ninayesema nanyi kwa redio sisahau kwamba ni redio iliyowaita vijana wale.

Na tangu mwezi wa 2 mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia Lubunga, umefukuza maelfu ya watu katika nyumba zao. Ninyi mnaonisikiliza mkiwa ugenini mnaujua kuliko mimi.

Sasa, sheria inasema nini? Katika nchi nyingine, kama Marekani, sherifu anaweza kuwaapisha raia wa kujitolea wamsaidie. Lakini wanabaki chini ya amri yake na ya sheria. Kwetu, shefu wa kartie hawezi kumgeuza kijana kuwa polisi kwa kumchagua tu. Kijana huyo ana uwezo ule ule wa raia yeyote. Uwezo huo umeandikwa katika kifungu cha 6 cha dekreti ya tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1959 juu ya mwenendo wa kesi za jinai. Raia anaweza kumkamata mtu ikiwa mambo matatu yapo pamoja: amekutwa katika tendo la uhalifu; uhalifu huo unaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi; na hakuna OPJ wala mwenye mamlaka ya sheria mahali pale. Akisha kumkamata, ampeleke mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu zaidi.

Kazi yake inaishia hapo. Hana ruhusa ya kupiga, kutoza faini, kuingia nyumba ya mtu kupekua, wala kumfungia mtu chumbani mpaka asubuhi. Zile saa 48 za Katiba, kifungu cha 18, ni za polisi, si zake. Na kabila si uhalifu. Hakuna anayekutwa katika tendo la kuwa Mbole au Lengola.

Wengine watasema: mwaka 2023 ilitoka sheria ya jeshi la akiba. Ndiyo, lakini jeshi hilo ni la kulinda nchi ikishambuliwa. Halimpi mtu ruhusa ya kusimamisha jirani yake. Katiba, kifungu cha 190, inakataza kuunda wanamgambo na kuwa na vijana wenye silaha. Inaita jambo hilo uhaini mkubwa. Na kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kinyume cha sheria.

Mashefu wetu, andikeni majina ya vijana wanaokesha, mpeleke orodha kwa polisi, mkataze mapanga na bariere. Wazazi, mtoto akisema "nimetumwa", mwulizeni: umetumwa na nani, na nani atajibu kesho mbele ya parke?

 Tulale kwa amani, na jirani yetu naye alale.