Pedali Inayozama: Elimu ya Kusimama katika Njia ya Tabora

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha Ujiji, kusimama hakukuwa kazi ya fundi. Mzigo ulikuwa begani mwa mpagazi, mara nyingi wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliposimama wote walitua. Wavumbuzi Burton na Speke walifika Kaze, penye Tabora ya leo, Novemba 1857, wakiwa na punda wachache na mizigo yao mingi ikibebwa na watu. Gurudumu lilijaribiwa baadaye. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society aliwafikisha maksai hadi Mpwapwa na kurudi na matumaini. Mwaka uliofuata magari ya maksai yakaingia njiani kwa safari yenyewe, na wanyama wakafa mmoja baada ya mwingine, mbung'o wakiwa miongoni mwa walioshukiwa. Wamisionari walifika Ujiji mwaka 1878 kwa nguvu za wapagazi. Kwa hiyo Tabora haikuwa na karne ya mikokoteni wala ukoo wa mafundi wa magurudumu. Iliruka kutoka unyayo wa mpagazi Mnyamwezi hadi garimoshi, lililofika mwaka 1912, kisha ikapokea lori. Elimu ya kulisimamisha gari zito haikurithiwa hapa kutoka kwa babu. Ilijengwa upya gereji kwa gereji, na nadai kuwa inastahili heshima ya elimu kamili, ingawa wengi bado wanaiita kubahatisha.

Yupo atakayepinga kwamba reli ilikwisha kuufundisha mji huu breki kabla lori halijawa jambo la kawaida. Hoja hiyo ina uzito, maana Tabora ni makutano ya reli ya Kigoma na ile ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Lakini treni na gari havifundishi somo moja. Katika breki za treni hewa ndiyo mtumishi. Katika breki za mafuta za gari hewa ndiyo adui, kwa kuwa kazi yote hufanywa na mafuta yasiyokubali kubanwa. Breki za namna hiyo zilipewa hataza na Malcolm Loughead huko Marekani mwaka 1917, gari la Duesenberg likawa nazo mwaka 1921, na Ford hakuzikubali hadi magari yake ya 1939. Kabla ya hapo breki nyingi zilivutwa kwa vyuma na kamba za waya, na kilicholegea au kukatika kilionekana kwa macho. Mafuta yalileta ugonjwa wa ndani, na mgonjwa akawa anasema kupitia pedali peke yake.

Hapo ndipo hoja ya kubahatisha inapoanguka, kwa sababu pedali husema kwa utaratibu. Ikiwa laini kama sponji, kisha ikawa ngumu baada ya kupampu mara kadhaa, fundi hushuku upepo kwenye mabomba kwanza. Ikikanyagwa kwa nguvu ileile na ikaendelea kuzama polepole hadi sakafuni, mafuta yanatoroka, na swali linalofuata ni wapi. Anakagua kikopo cha mafuta, mabomba na upande wa ndani wa kila tairi, akitafuta unyevunyevu uliochanganyika na vumbi jekundu. Kama kote ni pakavu na mafuta hayakupungua, lawama huelekea masta silinda: mpira wake wa ndani umechakaa, na mafuta yanarudi nyuma yakipita pembeni mwake bila kudondoka hata tone. Injini ikiwashwa mguu ukiwa juu ya pedali, nayo ikashuka kidogo tu kisha ikatulia, huo si ugonjwa. Ni hidrovaki, kisaidizi cha breki, imeanza kusaidia. Mtu anayetenganisha dalili hizi nne kwa mguu na macho anafikiri kwa ushahidi, hata kama hana kipimo chochote mkononi.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi. Husemwa kwamba Tabora ni tambarare, uwanda ulio mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na breki dhaifu itavumilika huko hadi mwisho wa mwezi. Ongeza mafuta, twende. Ni kweli nchi hiyo huificha kasoro, lakini kufichwa si kupona. Lori litokalo Singida kwenda Tabora kwa njia ya Nzega linashuka mteremko wa Sekenke. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yakishalowa maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka mteremkoni huzaa mvuke, mvuke hubanika, na pedali iliyokuwa imara asubuhi inakwenda chini bila kitu. Tena lami imeongeza mwendo: gari likitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nishati ambayo breki lazima iimalize haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Kuongeza mafuta bila kutafuta yanakokwenda ni kumnyamazisha shahidi.

Basi dereva, kabla hujaondoka, kanyaga pedali na uishikilie hapo nusu dakika. Ikizama, gari hilo halitoki Tabora, hata kwa safari ya Sikonge.