Kamera Iliyokuja na Kalamu Yake

Mwaka 1914 kampuni ya Eastman Kodak ya Rochester, Marekani, ilitoa kamera yenye kidirisha kidogo mgongoni. Ukishapiga picha, unafungua kidirisha, unachukua kijiti cha chuma kilichochomekwa hapo hapo, na kuandika juu ya karatasi inayofunika mkanda: jina, mahali, tarehe. Unaacha wazi sekunde chache mwanga uingie, kisha unafunga. Mkanda ukisafishwa, maneno yako yanajitokeza katika ule ukingo mwembamba ulio kati ya picha na picha.

Aliyebuni jambo hilo ni Henry Gaisman, na Kodak ilimlipa dola 300,000. Fedha nyingi kwa nafasi ya kuandika mstari mmoja! Lakini haja ilikuwepo: George Eastman, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa ameanza kuuza, mwaka 1888, kamera iliyobeba mkanda wa picha 100, ambayo mteja aliirudisha kiwandani nzima nzima ili isafishwe. Tangu hapo picha ziliongezeka majumbani kuliko kichwa cha mtu kinavyoweza kukumbuka nani ni nani.

Picha hizo zilibandikwa katika albamu, na kubandika kwenyewe ni kazi ya zamani kuliko kamera. James Granger, kasisi wa Uingereza, alichapisha mwaka 1769 kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri wa nchi yake. Wasomaji wakashika mtindo wa kutafuta michoro ya sura za waliotajwa na kuiweka ndani ya nakala zao. Huko picha ndiyo iliyofuata maneno. Karne iliyofuata watu walikata magazeti na kubandika, hata mwandishi Mark Twain akapata hataza mwaka 1873 ya daftari lenye gundi tayari kurasani: lowesha, bandika. Lilimpatia fedha nzuri, ingawa halikuwa na neno hata moja la kusoma.

Kamera ya Gaisman iliachwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye zikaja albamu zenye kurasa za kunata na karatasi ya plastiki juu. Zilikuwa rahisi, na kwa maoni yangu ziliharibu mengi. Gundi yake iligeuka njano na kung'ang'ania picha, na juu ya plastiki ile hapakuwa na mahali pa kuandika chochote.

Waliorudisha maneno kwenye ukurasa ni Marielen Christensen na mumewe, wa Spanish Fork, jimbo la Utah. Kanisa lao, la Wamormoni, huwahimiza waumini kutunza historia ya ukoo. Mwaka 1980, katika mkutano wa kimataifa wa kumbukumbu uliofanyika Salt Lake City, walionyesha albamu zaidi ya 50 za familia yao, kila picha na habari zake. Watu wakauliza: mnatengenezaje? Mwaka 1981 wakafungua duka.

Hapo ikazaliwa biashara kubwa ya karatasi za rangi, mihuri, utepe na mikasi ya kukata mawimbi. Mapambo yakatanuka, hadithi ikasukumwa pembeni. Hilo linanisikitisha, kwa sababu miaka 40 ikipita hakuna mjukuu atakayeuliza utepe ulinunuliwa wapi. Atauliza huyu aliyeshika mtoto ni nani, siku hiyo kulikuwa na nini, na mbona babu hayupo.

Kwetu picha za studio ziliandikwa mgongoni. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianza kupiga picha mwaka 1930, na nyumba nyingi za pwani zina sanduku la picha za studio za namna hiyo. Zigeuze. Nyingine zina neno "ukumbusho" na tarehe. Nyingine hazina kitu, na shangazi aliyewajua wote hayupo tena.

Kama shangazi yako bado yupo, nenda naye kivulini mchana mmoja na sanduku hilo. Andika anavyosema yeye, kwa maneno yake, hata akipotoka njiani na kusimulia bei ya gauni. Mgongoni mwa picha tumia penseli laini, bila kukandamiza, karibu na ukingo; kalamu ya wino huacha alama upande wa sura. Anza na picha ambayo ni yeye peke yake anayejua waliomo.