Bima ya afya na mkulima wa chai

Jamani, tukizungumzia bima ya afya huku mijini, mara nyingi tunazungumzia kadi ya kazini. Sasa twende Tukuyu kidogo. Rungwe kuna chai, ndizi na maziwa, na watu wanapiga kazi mwaka mzima. Lakini wengi wao hawana hati ya mshahara, na bima yetu ilijengwa juu ya hati hiyo.

Turudi nyuma. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima ilitaifishwa na kukabidhiwa Shirika la Bima la Taifa. Mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zikapigwa marufuku, za misheni zikaachwa. Kwa serikali ulitibiwa bure. Nani angehangaika na bima?

Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama. Mwaka 1996 soko la bima likafunguliwa kwa kampuni binafsi, na mwaka huohuo Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ukaanza kujaribiwa Igunga. Mwaka 2001 ukaja Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa watumishi wa umma: asilimia 3 mfanyakazi, asilimia 3 mwajiri.

Kampuni binafsi nazo zikawafuata waajiri. Siyo roho mbaya, ni hesabu. Mkataba mmoja na mwajiri mmoja unaleta mamia ya wanachama, wakati Rungwe inabidi ubishe hodi nyumba kwa nyumba. Mkulima akaachiwa CHF ya hiari. Ilipoboreshwa mwaka 2018 ikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6. Tatizo la hiari ni kwamba anayehisi ataumwa ndiye anayejiunga, mzima anasubiri. Mfuko hauwezi kutunisha kifua hivyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mtu awe na bima, na kampuni binafsi zimepewa nafasi humo. Sawa. Lakini kumlazimisha mtu ni jambo moja, kumfikia ni jingine. Mkulima mdogo wa chai analipwa kwa kilo za majani mabichi anayopeleka kiwandani. Kwa nini mchango wake usikatwe hapo, kidogo kidogo, kama wa mwalimu unavyokatwa kwenye mshahara?

Bila njia kama hiyo, tutakuwa na sheria ya wote na kadi za wachache. Wewe unasemaje?