Mlima na ziwa: mafuta ya samaki na presha ya wazee wetu

Haya wadau, boom bado halijaingia kwa hiyo tunakula kwa macho. Leo nawaletea historia kidogo, na inawahusu hasa nyie mliozaliwa milimani kama mimi.

Kwetu Chome, chini ya mlima Shengena, mwezi wa saba mafuta ya mawese yanaganda kwenye chupa, mpaka uyasogeze karibu na moto ndo yatoke. Ya alizeti yanabaki maji. Tofauti hiyo ina maana mwilini pia. Mwaka 1929 kule Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wakadumaa, ngozi ikawa magamba. Kumbe baadhi ya mafuta haya yasiyoganda mwili hauwezi kujitengenezea, lazima yaingie kwa mdomo. Yapo kwenye alizeti, ufuta, soya, na yapo ya aina nyingine kwenye samaki.

Sasa twende Lugalawa, wilaya ya Ludewa. Madaktari wa Italia, Pauletto na wenzake, walilinganisha vijiji vya aina mbili. Watu 622 wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanaokula samaki gramu 300 mpaka 600 kwa siku, na watu 686 wa milimani, wanaoishi kwa nafaka na mboga. Wote Wabantu, wote wakulima au wavuvi wa kawaida tu. Matokeo yakatoka mwaka 1996 kwenye jarida la Lancet: watu wa ziwani walikuwa na presha ya chini zaidi, na kolesteroli ya chini zaidi, kuliko wa mlimani.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo bwana. Sisi tumekuzwa tukiambiwa mboga na maharage vinatosha, na makande ndo fahari ya Mpare! Na bi mkubwa wangu, aliyekula makande maisha yake yote, anameza dawa za presha kila siku.

Msinielewe vibaya. Kulinganisha vijiji hakuthibitishi kwamba samaki peke yake ndo kafanya kazi, maana mlima na ziwa vinatofautiana kwa mengi. Ila kuna Mauritius. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya mgao, ikapunguza mawese ikaweka soya. Kufikia 1992 kolesteroli ya wananchi ilikuwa imeshuka waziwazi. Wananchi walihubiriwa pia kuhusu afya, ila na chupa nayo ilibadilika.

Nyumbani kwetu tatizo ni bei. Mawese ndo rahisi, alizeti inauma mfukoni. Samaki wapo, bwawa la Nyumba ya Mungu tunalo jirani tangu miaka ya 1960, ila perege hana mafuta hayo mengi kama dagaa. (Mwenzangu wa chumbani anasema Mpare akinunua perege anamning'iniza ukutani, anakula ugali akimwangalia. Utani wa ngumi huo!) Na chipsi mayai za hapa getini, zilizokaangwa kwa mafuta meusi ya juzi, hata yangekuwa alizeti yameshaharibika kwa moto.

Bi mkubwa dawa zake anaendelea nazo kama kawaida. Nimemwomba tu aongeze dagaa kwenye makande, akanicheka kwenye simu: "Mwanangu, makande na dagaa wapi na wapi?" Mwishowe kakubali kuwapika pembeni.

Wa Ludewa mliopo humu, hivi siku hizi usipa unapanda mpaka milimani, au bado unaishia ziwani?