Reli Tulijenga Pamoja, Chakula Tulikula Mbalimbali

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo tunaitamka sana kwenye dhifa na mikutano. Leo nataka tuipime kidogo kwa mizani ya historia. Mizani yenyewe niliipata katika mgahawa mdogo wa Kichina jijini Dar es Salaam, nilipokuwa na baba yangu mdogo. Yeye alikuwa ametoka nyumbani Ulemo, wilayani Iramba, mkoani Singida, kuja kutibiwa macho.

Mzee huyu aliondoka Ulemo mwaka 1971, kijana mwenye nguvu zake, kwenda kujenga reli ya TAZARA. Kwa vijana wanaonisikiliza, nikumbushe kwa ufupi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake inapita mikononi mwa mahasimu. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakabisha hodi kwa mataifa ya Magharibi, wakaambiwa reli hiyo haina faida. Ndipo Septemba 1967, mjini Beijing, China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa: kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Hayo yameandikwa vitabuni. Lakini baba mdogo alikuwa na lake ambalo sikulisoma popote. Tulipotoka hospitali aliniambia, "Mwanangu, nitafutie mahali wanapouza chakula cha Wachina. Nimekula nao vumbi miaka minne, sikupata kula nao chakula hata siku moja."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wachina waliishi katika kambi zao, Waafrika katika zao. Kazini walishika sururu moja na kubeba taruma pamoja, mkubwa na mdogo, jambo ambalo vijana wetu, waliozoea kumwona Mzungu akisimama kivulini, waliliona la ajabu. Lakini filimbi ya kula ikilia, kila mtu alirudi kwao. Wachina walilima mboga zao wenyewe kandokando ya kambi na kujipikia. Vijana wetu walisonga ugali wao na kuinjika maharage.

Basi tukaingia mgahawani. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikaagiza wali wa kukaanga. Mama mwenye mgahawa alipoelezwa na binti anayehudumu kwamba mzee huyu alijenga reli, akaufuta wali wangu. Alisema kwa kupitia binti yule kwamba ule ni wa wateja wapita njia. Yeye anatoka Shandong, na atamletea mzee chakula cha kwao.

Hapo nikajua ujinga wangu. Sisi tumezoea kusema "chakula cha Kichina" kana kwamba China nzima ina sufuria moja. Je, kuna chakula cha Kitanzania? Mhaya atakuambia ndizi, Mnyiramba atakuambia ugali wa uwele na mlenda, na wa pwani atakuambia wali wa nazi. China nayo ni hivyo hivyo. Kusini ndiko kwenye majaruba ya mpunga. Shandong iko mashariki, ufukweni mwa bahari, na huko ngano ndiyo mfalme. Tena ni jimbo tunalolijua bila kulijua: madaktari wa Kichina wanaokuja Tanzania Bara tangu mwaka 1968 hutoka huko.

Ikaja mikate myeupe ya mvuke, mviringo, isiyo na sukari. Vikaja vidonge vya unga vilivyotiwa nyama na majani ya vitunguu, mfano wa sambusa iliyochemshwa. Ikaja karanga ya kuchemsha, mayai yaliyokaangwa na nyanya, na mboga ile ambayo sokoni kwetu tunaiita chainizi bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Vijiti vilitushinda, tukapewa vijiko.

Mzee alichukua mkate mmoja, akaugeuzageuza mkononi, asiule. Kisha akanieleza. Mwaka 1972, kati ya Mlimba na Makambako, kwenye milima iliyobidi kutobolewa mahandaki mengi, fundi wake wa Kichina aliketi wakati wa mvua akachora chini kwa kijiti: nyumba, jiko, na juu ya jiko viduara vitatu vyenye moshi. Akavionyesha kwa kidole, akajipiga kifuani. Vijana wakacheka, wakasema Mchina anachora mayai. "Kumbe alikuwa ananionyesha huu," alisema baba mdogo. "Alikuwa anakumbuka kwao, nasi tukamcheka."

Nikamwuliza, "Baba, na ninyi mliwahi kuwakaribisha ugali?"

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Hatukuwakaribisha. Tulisema hawawezi kuula. Hatukuwauliza."

Ndugu msikilizaji, ni rahisi kusema Wachina walijitenga. Ni kweli, kambi zao zilikuwa na taratibu zao, na lugha ilikuwa ukuta. Lakini mwenyeji ndiye mwenye wajibu wa kusema karibu, hata kama mgeni atakataa. Kule Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji, yapo makaburi ya wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 waliofia nchini. Sijui wangapi kati yao waliwahi kuonja chakula cha nyumba ya Mtanzania.

Nasema haya kwa sababu historia inarudi. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Wageni watakuja tena, na vijana wetu watashika sururu tena. Mkopo, riba na tani zitajadiliwa na wakubwa, na ni haki yao. Lakini urafiki wa watu hautiwi saini, hupikwa. Na wazee walioijenga reli wangalipo vijijini, wachache na wanapungua. Kaa nao, uwaulize pia walikula nini na nani.

Baba mdogo alirudi Ulemo. Kabla ya kupanda basi alinipa maagizo: akija mara ya pili kwa macho yake, atabeba unga wa uwele, mlenda mkavu na kuku wa kienyeji, ampelekee yule mama wa Shandong. "Safari hii," alisema, "nitamwuliza."