Kiungio cha Bomba katika Tangi la Samaki

Mwaka 1853 Chama cha Zoolojia cha London kilifungua nyumba ya samaki katika bustani yake ya Regent's Park, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akachapisha kitabu kilicholieneza neno akwaria, yaani tangi la kioo ambamo viumbe wa majini hufugwa na kutazamwa. Matangi ya mwanzo hayakuhitaji mabomba mengi, kwa kuwa wafugaji waliitegemea mimea kuyatia maji hewa safi, kanuni ambayo Robert Warington aliieleza mwaka 1850. Yalipojengwa matangi makubwa ya maji ya bahari, ambamo maji hayana budi kuzungushwa usiku na mchana, uhai wa samaki ulihamia kwenye bomba. Na bomba, kama mafundi wajuavyo, halivuji katikati bali kwenye maungio.

Ufundi wa karne ya 19 ulikuwa na jibu lake. Bomba la chuma lilikuwa na ncha moja pana kama kikombe, iliyopokea ncha nyembamba ya bomba la pili. Nafasi iliyobaki ilishindiliwa kamba, kisha ikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa na kugongwa kwa patasi hadi ikaze. Kazi hiyo ni ndugu wa kalafati, yaani kuziba kwa pamba na mafuta nafasi zilizo kati ya mbao za jahazi. Katika maji ya bahari, hata hivyo, chuma huliwa na kutu, na shaba, hata ikiyeyuka kwa kiasi kidogo mno, huwaua kamba, konokono na matumbawe. Kwa sababu hiyo William Alford Lloyd, aliyesimamia akwaria ya Crystal Palace iliyofunguliwa mwaka 1871, alipendelea eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa nyingi hadi ukawa mgumu kama pembe, ambao haukuyatia maji sumu.

Mwaka 1872 mwanakemia Mjerumani Eugen Baumann alieleza unga mweupe uliotokea gesi ya vinili kloridi ilipoachwa juani. Unga huo ndio PVC, lakini ilibidi kungoja miaka ya 1930 ndipo Wajerumani walipoanza kuutengenezea mabomba. PVC haipati kutu wala haiyeyuki katika maji ya chumvi, na ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, hofu ya sumu ya madini ilipungua sana.

Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika kiungio chenyewe. Gundi ya PVC si gundi kwa maana ya kawaida, kwa kuwa ndani yake mna viyeyusho, kama tetrahidrofurani, ambavyo hulainisha uso wa bomba na uso wa soketi inayolipokea. Vikishaondoka kwa kugeuka mvuke, nyuso hizo mbili huwa mwili mmoja. Kiungio huvuja pale bomba lilipotiwa gundi likiwa na maji, lisiposukumwa hadi mwisho wa soketi, au lilipotikiswa kabla ya kushika, na dalili yake katika tangi la maji ya bahari ni ukoko mweupe wa chumvi unaoachwa na matone yanapokauka. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta haifai hapa, kwa kuwa gundi ikipakwa juu ya ufa haiwezi kupenya ndani ya soketi, na silikoni, ambayo hushika kioo barabara, haishiki PVC ipasavyo. Njia ya kudumu ni kufunga maji, kukata sehemu yenye kasoro kwa msumeno, kukausha ncha, na kuunganisha kipande kipya kwa soketi mbili, ambazo kwa kawaida hungojewa saa 24 kabla ya kuruhusu maji yenye msukumo.

Uimara wa kiungio hiki ndio uliokifanya kisitengenezeke. Ndiyo maana karibu na pampu, mahali panapohitaji kufunguliwa mara kwa mara, wajenzi wa matangi huweka yunioni, yaani kiungio cha kufungwa kwa mkono chenye pete laini ndani yake, ambacho kikivuja husafishwa au hubadilishwa pete tu. Pete hiyo ni ya mpira. Mpira, ambao Lloyd aliutumaini ukiwa mgumu, umerudi ukiwa laini mahali ambapo gundi haifai.